Niliwaambia nimepoteza ufunguo

Jambo Tantine,

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Lubumbashi. Nina miaka 36, mke na watoto watatu. Huenda jambo langu utaliona dogo, lakini huu ni mwezi wa pili nalala nalo na kuamka nalo.

Binamu yangu anayeishi Ubelgiji alipokuja likizo alinifundisha mchezo unaoitwa jiokeshi. Mtu anachukua kopo, anatia ndani kidaftari na vitu vidogo vidogo, analificha mahali, kisha anaweka kwenye intaneti namba za mahali hapo, yaani latitudo na longitudo. Mwingine anazisoma namba hizo, anaziingiza kwenye simu na kwenda kutafuta. Akilipata kopo anaandika jina na tarehe kwenye kidaftari, analirudisha palepale. Basi. Miaka kumi na moja nimechora ubaoni kwamba mji wetu uko nyuzi 11 na kitu kusini mwa ikweta, nyuzi 27 na kitu mashariki, na wanafunzi wananitazama kama ninayewasomea namba za bahati nasibu. Siku namba hizo ziliponifikisha kwa mara ya kwanza penye shina la mti, nilifurahi kama mtoto.

Balaa lilitokea Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, jakaranda zimeanza kumwaga maua. Namba zilinipeleka kwenye avenyu moja ya Kampemba, penye mti na ukuta wa zamani. Hapo kuna mama anayeuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, na makaa, mtu mzima, rika la mama yangu mzazi. Nilizunguka ule mti mara nne, mara tano, simu mkononi, nikachungulia kwenye mizizi, nikapapasa nyufa za ukuta. Akaniuliza kwa upole, "Mutoto yangu, uko natafuta nini?"

Binamu alikuwa ameniambia kwamba kule Ulaya mchezaji hujificha. Akipita mtu asiyeujua mchezo, unajifanya unafunga kamba za kiatu au unaongea na simu mpaka aende zake. Nikajibu harakaharaka: "Ufunguo, mama. Nimepoteza ufunguo wa nyumba."

Tantine, yule mama aliacha ndoo yake. Akawaita watoto, akamwita fundi wa tairi wa ng'ambo ya barabara, na muda si muda watu zaidi ya kumi wameinama wanatafuta ufunguo ambao ulikuwa mfukoni mwangu. Mama mwenyewe alipiga goti kwenye vumbi, na nilimwona uso ukikunjamana, kwa sababu goti lile linamuuma. Sikuwa na ujasiri wa kusema basi.

Halafu mtoto mmoja akavuta kitu kwenye ufa wa ukuta: kisanduku kimefungwa utepe mweusi. Wakakifungua. Ndani mlikuwa na karatasi ya majina ya kigeni, sarafu ya nchi nyingine, kifungo na kamdoli ka plastiki. "Hii njo nini?" Mmoja akasema ni dawa ya walozi. Mwingine akasema hapana, huyu anatafuta mawe. Wa tatu akasema ni wale wanaopima viwanja vya watu. Wakanichukua simu, wakaona ramani yenye alama palepale tuliposimama. "Na ulisema ni ufunguo!" Hapo kelele zikapanda.

Niliokolewa na shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, ambaye mjukuu wake ni mwanafunzi wangu. Alinipeleka kwake, akanisikiliza saa nzima, akanirudishia simu. Kisanduku kilichomwa. Yule mama hakusema neno. Alinitazama, akarudi kwenye ndoo yake. Tangu siku hiyo naenda shuleni kwa njia nyingine, dakika ishirini zaidi kila asubuhi.

Mke wangu anasema niache, nisije nikamwachia mayatima. Mimi mchezo naupenda, na nilitaka kuwafundisha wanafunzi wangu. Je, niache? Na kama siachi, niwaambie nini watu, kwa maneno yanayomalizika kabla kundi halijajaa?

Mwalimu wa Kampemba

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye goti la yule mama. Nitarudi kwake mwishoni, kwa sababu wewe mwenyewe umemweka mwishoni, na nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Usiache. Lakini ile namna ya kujificha uliyofundishwa, iache leo.

Nimejaribu kuuelewa mchezo huu kabla ya kukujibu, nikaona ulianza hadharani kabisa. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu makusudi namba za setilaiti wanazopata raia, kifaa kikakosea hata mita 100. Tarehe 2 Mei 2000 uharibifu huo ulizimwa. Kesho yake, tarehe 3, bwana mmoja jina lake Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwa yeyote anayetaka. Ndani ya siku tatu ndoo ilikuwa imepatikana mara mbili. Leo makopo hayo yanazidi milioni 3 duniani. Yule bwana hakumficha mtu jambo. Alificha ndoo, watu akawaita waje.

Kujificha kulikuja baadaye, kwa hofu kwamba mpita njia akiona atalitoa kopo na kulitupa. Nakubali hofu hiyo ina msingi. Ila hata huko Ulaya huleta matatizo. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akihangaika na kisanduku barabarani kwa namna ya wasiwasi, polisi wakaitwa, barabara ikafungwa, na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Kilikuwa kopo la mchezo wenu. Kilichowatisha watu pale ni mwendo wa yule mtu, kama ulivyowatisha watu wa Kampemba mwendo wako.

Sasa uwatazame majirani zako kwa jicho lao, maana naona bado unawahesabu kama watu waliokosa kuelewa. Sisi ni watu wa Katanga. Hapa mtu anayeinama kutafuta kitu ardhini ana sababu, na kwa kawaida sababu hiyo ni jiwe. Watoto wetu wanaijua malakiti, jiwe lenye shaba, kwa rangi yake ya kijani kabla hawajajua kusoma. Kitongoji kikisikia kuna mawe chini ya nyumba, kitalala usiku mmoja kikiwa kitongoji na kuamka kikiwa shimo. Kwa hiyo aliyesema "huyu anatafuta mawe" hakuwa mjinga. Alikuwa anawaza nyumba yake.

Na yule wa viwanja? Nilipokuwa msichana walikuja kwenye avenyu yetu vijana wawili na kifaa cha kupimia, wapole, wamevaa vizuri. Waliulizwa wanafanya nini, wakasema "hakuna kitu, mama, ni kazi tu". Baada ya miezi michache alama nyekundu zilipakwa kwenye kuta za nyumba nne, na familia mbili ninazozijua zilihama. Sisemi kwamba vijana wale walikuwa wabaya. Nasema tangu siku ile, neno "hakuna kitu" likitoka kinywani mwa mtu mwenye kifaa mkononi, mimi mwenyewe damu inanisimama. "Nimepoteza ufunguo" ni ndugu yake.

Habari ya dawa unaijua bila mimi kukueleza. Kitu kilichofungwa utepe, kimetiwa ukutani pa nyumba ya watu, ndani mna majina na kamdoli! Ningekuwa nimesimama pale, hata mimi ningerudi nyuma hatua mbili.

Mambo hayo yote yalikuwa tayari vichwani mwa watu kabla hujafika. Hukuyaleta wewe. Ulichoweza kufanya ni kuyajibu mapema, na jibu lilikuwa rahisi, maana kweli yenyewe haina ubaya wowote.

Basi siku nyingine, kabla ya simu kutoka mfukoni, salimia. Nenda kwa yule anayekaa pale kila siku: mama wa munkoyo, fundi wa tairi, mlinzi wa geti. Mwambie jina lako, unakaa wapi, unafundisha wapi. Ukianza na simu, utakuwa mtu wa simu mpaka mwisho. Ukianza na "jambo mama, mimi ni mwalimu", utakuwa mwalimu hata ukitambaa chini ya mti. Kisha useme kwa Kiswahili cha hapa kwetu, si kile cha ubaoni. Mimi ningesema hivi: "Mama, niko nacheza muchezo. Kuko mutu alificha kakopo hapa karibu, shiye tunakatafuta na simu. Nikikapata, naandika jina yangu mule ndani, nakarudisha fasi yake. Hatuchimbake, hatupime, hatuuzishe kitu. Unaweza kuja kuona." Hesabu mwenyewe, maneno hayo yanamalizika kabla kikombe kimoja cha munkoyo hakijajaa.

Kuna maneno ya kuyaacha nyumbani. La kwanza ni "hazina". Najua ndilo neno zuri la kuuelezea mchezo huu, na mahali pengine halina madhara. Lakini hapa ukisema unatafuta hazina, kesho mti ule utakuwa umeng'olewa na mizizi yake, na wewe utadaiwa fungu lako. Utotoni nilisikia tena na tena hadithi za Wazungu waliofukia mali walipokuwa wanaondoka; hadithi hizo bado zinatembea. La pili ni "GPS", angalau mwanzoni, kwa sababu ndicho kifaa cha wapima viwanja. Sema "simu inanionyesha fasi". Wakiuliza inajuaje, hapo sasa fungua mdomo wa ualimu, uwaambie habari za setilaiti mpaka wachoke.

Watakuuliza nani anakulipa. Hili usiliruke wala usicheke. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kutafuta unga wa bukari ana haki ya kushangaa akimwona mwanamume mzima anazunguka mti bila mshahara. Jibu kwa kitu anachokijua. Uliza nani anamlipa yule anayetembea kwa miguu kutoka Ruashi hadi Kamalondo kwenda kuiona Mazembe, timu yetu ya mpira, na wakati mwingine anarudi amefungwa goli moja na hasira juu. Watu wa mji huu wanajua vizuri sana kutembea kwa ajili ya furaha. Hawajui tu kwamba furaha yako iko kwenye kopo.

Watakuuliza pia kwa nini unazunguka. Waonyeshe simu. Waache waone namba za mita zikishuka, tano, nne, kisha zikipanda tena saba bila wewe kusogea. Waeleze kwamba mahali peupe simu hukosea mita chache tu, lakini chini ya matawi na kando ya ukuta hukosea zaidi, ndiyo maana mwisho wa safari unatafuta kwa macho na mikono. Kwa wengi hapo ndipo mashaka hugeuka hamu. Mtoto mmoja atasema "ngoja, papa, mimi nitaona", na mara nyingi ataona kabla yako.

Akiona, mpe kalamu. Hili naliomba kwa moyo wote. Usikinyakue kisanduku. Kifungue mbele ya wote, toa kila kitu kimoja kimoja, somesha majina na tarehe, kisha mwache mtoto aandike jina lake. Desturi ya mchezo wenu ni kwamba anayetoa kitu anaweka kingine cha thamani ileile au zaidi, basi mama akitaka kuweka kifungo au ushanga, aweke. Chakula ndicho kisichowekwa, kwa ajili ya panya na sisimizi. Unaogopa kwamba wakishajua watakiiba? Huenda. Lakini sijui mlinzi bora wa kitu cha barabarani kuliko mama anayeuza mahali pamoja kila siku, akiwa amekubali kwamba kitu hicho ni chake pia.

Ukishafika hapo utaona kwamba masharti ya mchezo wenyewe yanakubaliana na mimi. Yanataka ruhusa ya mwenye mahali kabla ya kuficha. Hayataki mtu achimbe shimo wala abomoe ukuta. Hayataki kopo karibu na kambi ya jeshi, ofisi za serikali, uwanja wa ndege, reli, madaraja wala shule. Na yanashauri kopo liandikwe wazi kwa nje kwamba ni mchezo, na liwe la kuonyesha ndani. Kile kisanduku cha utepe mweusi kilikuwa na nini kati ya hayo? Sitaki kumhukumu nisiyemjua, lakini dalili zote zinaonyesha kwamba aliyekificha alipita hapo kama mgeni, hakumwuliza mama, hakumwuliza shefu. Na moto uliokusudiwa yeye ulikuangukia wewe. Kwa hiyo kuna kazi bado hujaifanya: ingia kwenye ukurasa wa kopo lile uandike kwamba limechomwa na kwamba watu wa pale wana hofu, ili mgeni mwingine asije kuzunguka mti uleule wiki ijayo. Wewe ulikuwa na mjukuu wa shefu darasani. Yeye hatakuwa naye.

Masharti ya kwangu mimi, mtu wa hapa, ni mengine machache. Usitafute jua likishazama. Usitafute makaburini wala kwenye kichuguu kikubwa kilicho kiwanjani mwa watu, hata kama namba zinakuita. Kwa kichuguu nina sababu mbili, na ya pili ni nyoka. Usipige picha ya kitu usichokiombea ruhusa. Ukikuta mwenye bunduki au mwenye sare karibu, namba hizo ziache kabisa, rudi nyumbani, kopo halikimbii. Na kundi likishajaa kabla hujasema neno, usikimbie wala usibishane na kila mmoja. Tafuta mzee mmoja kwa macho, umwambie, "Papa, nipelekeni kwa shefu." Anayeomba mwenyewe kupelekwa kwa shefu hafanani na mwizi.

Mke wako. Umeandika sentensi moja tu kumhusu, nami namsikia vizuri kuliko unavyodhani. Hajasema mchezo ni mbaya, amesema anaogopa kuwa mjane kwa sababu ya kopo. Muonyeshe ramani kabla ya kutoka, mwambie unarudi saa ngapi, na safari ya kwanza nenda naye, wawili mkiwa mmevaa nguo za kutoka kanisani. Mume na mke wanaotafuta kitu pamoja hawaogopeshi mtu. Akikataa baada ya hapo, kataa naye kwa muda, msubiri.

Kuhusu wanafunzi, anza ndani ya ua wa shule, kwa ruhusa ya mkuu, makopo ya kwenu wenyewe ambayo hayaendi kwenye intaneti. Watajua maana ya nyuzi 11 kusini kwa miguu yao. Kuna pia aina ya mchezo huu iliyoanza mwaka 2004 isiyo na kopo lolote: unakwenda mahali penye miamba au maporomoko, unajibu maswali juu ya jinsi ardhi ile ilivyojengeka. Kwa nchi kama yetu, iliyozaliwa juu ya shaba, mwalimu wa jiografia angepata humo darasa la mwaka mzima, na hakuna wa kusema umeficha dawa.

Sasa twende kwa mama.

Hakukasirikia kisanduku. Wengine walipiga kelele kwa sababu ya kisanduku; yeye alinyamaza kwa sababu ya goti. Alikuita mtoto wake, akaacha biashara, akapiga magoti kukutafutia ufunguo wa nyumba yenye watoto wako, na wewe ulijua. Shefu umemweleza saa nzima. Yeye hujamweleza hata dakika.

Jumamosi hii rudi kwa njia yako ya zamani. Nenda asubuhi, ndoo ikiwa bado imejaa, kabla wateja hawajawa wengi. Usiende na zawadi kubwa, ataona unanunua. Msalimie, kaa kwenye kigoda chake akikukaribisha, na kama hakukaribishi, chuchumaa. Mwambie: "Mama, siku ile ufunguo ulikuwa mfukoni. Niliona haya, nikakudanganya. Unisamehe." Usianze kueleza mchezo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikutukana kidogo, pokea. Nunua kikombe kimoja cha munkoyo, unywe palepale mpaka mwisho.

Na katika mfuko wako uwe na kopo moja tupu, safi, la kuonyesha ndani, na kidaftari kisichoandikwa kitu. Usilitoe. Lakini akija kukuuliza mwenyewe, leo au mwezi ujao, "na kale kasanduku, kalikuwa ka nini?", hapo ndipo ulitoe, umpe alishike yeye.